Pini ya Upande wa Kulia

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Meza moja, viti viwili. Fundi alisimama. Alishazoea.

Chifu alichora kwa chaki juu ya meza. Ofisi ya dalali wa vito, hapa. Kizuizi cha polisi kwenye barabara kuu, hapa. Katikati, korongo la mto uliokauka. Kilomita sita, mawe matupu.

"Hapo hapapiti gari," alisema Ndevu, mtu wa bunduki, kilo mia na ushei.

"Langu linapita," Fundi alisema. "Nafungua stabilaiza."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Ni chuma kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia. Kwenye kona kinazuia gari lisilale. Kwenye mawe ni adui. Gurudumu moja likizama shimoni, chuma kinalivuta, la pili linaning'inia hewani, na mmekwama mpaka wenye pingu waje. Nikikifungua, kila gurudumu linashika njia yake."

"Basi kibaki wazi."

"Juu ya korongo kuna lami. Mteremko, kona tupu. Bila hicho chuma, kwa mwendo tunaoutaka, kona ya tatu tunapinduka. Nipeni dakika tatu pale juu nirudishe pini mbili zinazokifunga, ya kushoto na ya kulia. Mbili, si moja."

Chifu alimshika bega. "Utapewa, shemeji."

Neno hilo ndilo lililomleta. Chifu alikuwa kaka wa marehemu mkewe. Tangu mazishi, mwaka wa pili sasa, simu ya Fundi ililia kwa nadra, na mara nyingi ilikuwa kampuni ya simu ikimtangazia bahati nasibu. Alikula peke yake karakanani, akazungumza na injini za watu. Siku Chifu alipopiga na kusema, "Shemeji, mbona umetutupa?" aliikubali kazi kabla hajaisikia. Aliahidiwa chumba uani kwa Chifu, karibu na watoto wa nyumba hiyo. Kitasa cha mlango alikwisha kukinunua. Kilikuwa mfukoni.

Saa 5:42.

Fundi alingoja garini; ofisini wenzake walitumia dakika nne. Mlinzi aliambiwa alale, akalala. Dalali alitoa kisanduku bila ubishi. Hakuna risasi iliyolia. Ndevu alionekana kusikitika.

Saa 6:05 mchana.

Mdomoni mwa korongo Fundi alichomoa pini zote mbili, akashika usukani. Gari liliyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, lakini kila gurudumu lilikanyaga jiwe lake. Halikukwama hata mara moja.

"Shemeji, wewe ni moto," Chifu alisema, akacheka.

Kwa kilomita sita Fundi alikuwa na furaha. Angeona aibu kuikiri, lakini alikuwa nayo.

Saa 6:51.

Ukingo wa lami. King'ora kilisikika mbali. Fundi alichukua nyundo, akaingia chini ya gari. Pini ya kushoto ilikubali kwa mapigo manne. Akajiburura kwenda kulia, akatoa ya pili mfukoni.

Springi ya kulia ikabonyea mbele ya macho yake. Uzito ule aliujua. Ndevu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kiti cha Fundi.

"Nyundo imenyamaza," ilisema sauti ya Ndevu. "Keshamaliza."

"Twende," Chifu alisema.

Injini ikanguruma. Fundi alikunja miguu. Tairi la nyuma lilipita kando ya goti lake, akabaki vumbini na pini mkononi.

"Shemeji! Bado moja! Nendeni polepole!"

Alikiona kisogo cha Chifu. Hakikugeuka.

Kona ya kwanza matairi yalipiga kelele. Ya pili gari liliinama mpaka likaonyesha tumbo. Ya tatu hakuiona. Aliisikia.

Saa 7:04.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kichaka, na nyuma ya kichaka njia ya kurudi karakanani. Hakuna aliyeiona sura yake. Fundi aliteremka barabara.

Ndevu alikuwa ameshakufa kwenye usukani. Chifu alikuwa amelala pembeni ya lami, vito vimetapakaa, anapumua kwa shida.

"Ulikuwa unasema nini kule?"

"Bado pini moja."

Chifu aliitazama ile pini. "Nilidhani unaomba tukurudie."

"Najua."

"Kimbia basi. Wanakuja."

"Niende wapi?"

Fundi alikaa chini, akakiweka kichwa cha Chifu pajani. King'ora kilikuwa kwenye kona ya pili sasa.

"Watoto hawajui kama ulikuwa unakuja," Chifu alisema. "Sikuwaambia."

Hilo liliuma kuliko kuachwa. Fundi alikigusa kitasa mfukoni, akakiacha humohumo. Hakuondoa mguu.

Askari walipofika, Chifu alikuwa amekwisha kunyamaza. Mmoja aliuliza maiti hii ni nani wake.

"Shemeji yangu," Fundi alisema. "Sina mwingine."