Nilishuhudia Kwamba Mume Wangu Anatembea

"Mchungaji, huyu mwanamke ni mwongo. Kaka yangu hatembei."

Aliyesema ni wifi yangu Odeta. Jumapili asubuhi, kanisa limejaa, mimi nimekaa mstari wa pili na sare yangu ya kwaya.

Ndugu mnaonisoma, nilitamani ardhi ipasuke inimeze...

Lakini hakunisingizia. Ngojeni niwaeleze taratibu, maana hata kuandika nachoka.

Naitwa Verediana, wa Ntobeye, Ngara. Mwezi wa pili mume wangu Privatus alianguka na pikipiki akitoka Biharamulo. Uti wa mgongo. Tulikaa hospitali wiki saba, tukarudishwa nyumbani. Kuanzia kiunoni kushuka, hasikii kitu.

Mtu wa hivyo anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo anaota vidonda mgongoni. Na Privatus ni mzito, jamani.

Kanisa letu dogo lilinibeba. Walipanga zamu: wanaume kumgeuza na kumwogesha, akina mama maji na kuni. Kisha wakafunga siku tatu kwa ajili yake.

Siku ya tatu, kidole gumba cha mguu kikacheza. Kidole tu.

Jumapili Mchungaji akauliza nani ameona mkono wa Bwana wiki hii. Macho yote kwangu. Watu wameshinda na njaa siku tatu kwa ajili ya nyumba yangu, niwaambie habari ya kidole?

Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Mume wangu ameanza kutembea."

Ngoma, vigelegele, watu wananikumbatia huku wanalia.

Sasa kwetu, mgonjwa akishatolewa ushuhuda, zamu inahamia kwa mwingine. Ndio utaratibu. Jumatatu hakuja mtu.

Wakipita kumsalimia, nawazuia mlangoni.

"Amelala."

"Ametoka kidogo, ananyoosha miguu."

Siku moja nikasema ameenda Biharamulo. Mimi huyo, mwanakwaya.

Miezi miwili namgeuza peke yangu. Mwanzoni nilikuwa naomba saa nzima. Ikawa dakika tano. Mwisho nasema tu "Bwana, unaniona," basi, nainuka. Kanisani naimba, nacheka, wakiniuliza hali nasema Mungu ni mwema. Nilidhani kujikaza hivyo ndiyo imani.

Alhamisi moja Privatus akaniita nimgeuze. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia vizuri kabisa.

Nikakaa.

Akaita tena... nikakaa tu, natazama moto. Nilikuwa namchukia mume wangu, nami nampenda, na sikujua kesho nitaamka nikiwa mtu gani.

Jumapili iliyofuata ndipo Odeta akasimama.

Mchungaji kainamisha kichwa. Mimi nasubiri kufukuzwa.

Bibi Esperansia, mzee kuliko wote pale, akanigeukia.

"Verediana, leo nani amemgeuza?"

"Mimi, bibi. Saa kumi na mbili."

"Na sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano."

Akachukua fimbo yake.

"Mchungaji, mahubiri utayamalizia nyumbani kwake."

Wakatoka wote. Nikabaki nyuma na wifi, nina hasira.

"Wifi, umenidhalilisha."

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mume wako. Alinipigia simu jana nikiwa Bugarama. Akasema, dada, kasimame kanisani useme ukweli, mke wangu ananiishia kwa kuchoka."

Tukatembea.

Tulipofika, wanaume walikuwa wameshamgeuza. Privatus akaniangalia.

"Alhamisi ulinisikia nikikuita."

Nikainama.

"Niliita mara nne, mke wangu. Ya kwanza nilitaka kugeuzwa. Zile nyingine nilitaka kujua kama bado upo."

Nikalia kwa sauti. Miezi miwili sikuwa nimelia hata chozi.

Bibi Esperansia akaniwekea mkono begani.

"Tukuombee nini, mwanangu?"

"Usingizi."

Wakaomba hivyo hivyo, wamesimama, maombi mafupi. Hakuna aliyedai muujiza. Nililala kwenye mkeka sebuleni, watu wakipita juu yangu na ndoo za maji, na sikusikia kitu mpaka jioni.

Ndugu zangu, mume wangu bado hatembei. Ila zamu imerudi, na mimi nimerudi kuomba.

Kama uko kwenye shida na kila anayekuuliza unamjibu Mungu ni mwema, endelea kusema, maana ni kweli. Lakini usiishie hapo. Mwambie pia kwamba umechoka. Mimi nilikuwa namwomba Mungu aniletee msaada, na msaada ukibisha hodi nasema mgonjwa katoka.

Leo ni zamu ya wazee wa kanisa. Wameshafika, nawasikia wanamtania Privatus.

Acha nikalale.