Msumeno Uliokatwa Waya

Musili, mchongaji kijana, alilala chali juu ya vumbi la mbao, miguu mitupu, kiganja cha kulia kimeungua. Kando yake palikuwa na msumeno wa umeme. Waya wake ulikuwa umekatwa, plagi haipo.

"Msumeno bila plagi unauaje mtu?" Inspekta Mbithi aliuliza.

"Hata mimi nashangaa, afande," Koplo Ndanu alijibu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Septemba 1999, katika karakana ya wachongaji pale Wamunyu. Sakafu ilikuwa chepechepe, maana wachongaji humwagia magogo mabichi maji yasije yakapasuka. Mbithi aliinama akautazama mwisho wa waya. Shaba ilimetameta. Ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo hiyo.

Nje umati ulikuwa umeshatoa hukumu. "Tupeni Bartholomew!" walipiga kelele. Bartholomew, fundi wa stima, alikuwa amejifungia dukani mwake, na askari wawili tu ndio waliosimama mlangoni. Mbithi alijua wazi kwamba jioni ikifika bila jibu, duka lile lingechomwa fundi akiwa ndani.

"Unaujua ule msumeno?" Mbithi alimuuliza alipoingia dukani.

"Naujua, afande. Mwezi wa kwanza ulikuwa unapiga watu shoti. Nikaufungua, nikakuta mota imechakaa, stima inaingia kwa bodi, hicho chuma cha nje. Nikasema huu si wa kutengenezwa. Nikakata plagi mbele ya watu wote, ukaenda kutupwa kwa choo cha zamani."

"Daftari la karakana lina sahihi yako kwamba ulitupwa. Watu wanasema uliutoa ukamuuzia Musili."

"Uongo! Mzee Kilonzo ndiye aliubeba. Baba ya marehemu. Si ndiye anashika funguo za stoo?"

"Ulimwona akiutupa?"

Bartholomew alimkodolea macho. "Afande, mzee kama yule nitamfuata mpaka chooni kumchunguza?"

Hata Mbithi mwenyewe asingemfuata.

Alirudi karakana, akavaa glavu, akauinua msumeno. Kitu kilichokaa miezi minane shimoni kingekuwa kimeoza kwa kutu. Huu ulikuwa safi, na meno yake yaling'aa kwa mafuta. Aliunusa. Mafuta ya mbarika! Vijana wa Wamunyu hawakuwa na habari na mbarika. Hayo yalikuwa mafuta ya wazee, ya kupaka mikanda na viatu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliomba awe amekosea.

Mzee Kilonzo alikuwa ameketi juu ya gogo nyuma ya stoo, amevaa koti zito na gambuti.

"Pole sana, mzee."

"Asante, mwanakwa," mzee alimjibu kama anayemwita mwanawe.

"Nisamehe. Itabidi nipekue koti lako."

Mzee hakubisha. Aliinua mikono mwenyewe. Mfuko wa kushoto ulitoa kichupa cha mafuta ya mbarika. Wa kulia ulitoa plagi yenye kipande kifupi cha waya.

Mbithi aliifungua kwa bisibisi. Nyaya mbili zilikuwa zimefungwa vizuri. Ya tatu, ile ya kijani ya kupeleka ardhini stima inayovuja, ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa utepe.

"Mbona hii hukuifunga?"

"Nilitoa plagi kwa pasi ya mama yao. Pasi ilikuwa na waya mbili tu. Nikafunga vile niliona."

"Mzee, nakuonya. Utakayosema yataandikwa."

"Andika." Sauti yake ilikuwa kavu. "Huo msumeno alinitumia Justus, kifungua mimba wangu. Alinunua Mombasa. Mwezi haukuisha, gari likamgonga huko huko. Hata shati lake hatukuletewa. Ni huo tu niko nao. Sasa naambiwa nitupe kwa choo. Kitu cha mtoto wangu, kwa choo?"

"Ukauficha stoo."

"Kwa gunia. Kila Jumamosi watu wakienda nyumbani, naupaka mafuta, nauwasha kidogo. Ukilia hivi, naona ni kama Justus yuko."

"Haukukupiga shoti?"

Mzee alitazama gambuti zake za mpira, kisha akatazama pembeni.

"Musili alijua?"

"Nilimdanganya kama wale wengine. Jana nilisahau kufuli. Leo asubuhi nikiwa nyumbani nikasikia mlio. Nilifurahi, afande. Kabla sijauliza ni nani, nilifurahi. Nikafika, nikakuta ameanguka, na bado unalia."

"Na plagi?"

"Niling'oa kwa ukuta, nikakata. Vile tulikuwa tumekubaliana wote mwezi wa kwanza."

Mbithi angetamani kuificha ile plagi mfukoni mwake na kuondoka, lakini Bartholomew alikuwa bado nyuma ya mlango. Alimshika mzee mkono, bila pingu, akampitisha mbele ya umati. Kelele zilikatika. Fundi wa stima alifungua duka lake, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

Kituoni, Koplo Ndanu aliufunga msumeno lebo ya kielelezo cha kesi.

"Mnanishtaki na kuua?" mzee aliuliza.

"Kusababisha kifo kwa uzembe."

"Ni sawa. Na huo, mnautupa leo?"

"Hapana, mzee. Sheria hairuhusu. Utakaa stoo yetu mpaka kesi iishe."

"Siku ngapi?"

"Pengine miaka."

Mzee aliutazama msumeno ukibebwa kuelekea stoo ya polisi, chumba kinachovuja kila mvua ikinyesha.

"Utashika kutu," alisema kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mbithi alikuwa ameshika kalamu. Neno hilo hakuliandika.