Kitanda cha Maonyesho

Nzi alitua kwenye mdomo wa Gogo, akapanda mpaka puani. Gogo hakutikisa hata kope. Binti aliyekuwa akifagia kando ya kitanda aliona. Akainamisha kichwa, akaendelea kufagia.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa saba, alipokuja kubadilisha shuka, aligusa mkono uliopoa. Yowe lake lilisikika ukumbi mzima wa maonyesho.

Daktari wa polisi alivua glavu.

"Alikufa mnamo saa sita. Nahisi ni vidonge vya usingizi. Uchunguzi wa maiti utathibitisha."

Inspekta alilitazama banda: magodoro yamepangwa mpaka juu, taa kali, na kitanda kimoja jukwaani, kikombe kitupu cha chai kando yake. Gogo alilipwa kulala pale mchana kutwa ili wapita njia wasimame. Nao walisimama. Hata alipokuwa maiti, walimpigia makofi.

"Nani alimpa chai asubuhi?"

"Huyu!" Mwenye banda alimnyooshea binti kidole. "Mtandika vitanda wangu. Mpole, mpole, kumbe!"

Watu wote waligeuka. Binti aliukumbatia ufagio. Aliziona pingu kiunoni mwa konstebo.

"Mdogo wangu, chai uliitoa wapi?" inspekta aliuliza.

"Mezani kwa bosi, afande. Nilikuta imeshakorogwa."

"Mwongo huyo!"

Inspekta alimpa mwenye banda kisogo. Alikuwa akisoma ubao uliosimamishwa mbele ya banda: LEO HAJIGEUZI MPAKA JIONI! NJOO USHUHUDIE!

"Ubao huu uliuandika lini?"

"Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa."

"Na jana alilalaje?"

Muuza masufuria wa banda la pili alidakia. "Jana? Alipiga chafya, akajikuna, akaomba maji! Watu walicheka, wakahamia kwangu."

Inspekta alimsogelea mwenye banda.

"Basi leo ulijuaje kwamba hatajigeuza?"

Konstebo alikuwa ameshavuta droo ya meza. Nyuma ya kadi za bei palikuwa na pakiti ya vidonge. Tupu.

"Nilitaka alale tu," mwenye banda alisema mwishowe. "Nilitia vinne, nikaona havitoshi, nikamalizia vyote. Siku tatu watu wananipita kama sipo. Leo walijaa, afande." Akaanza kulia. "Walijaa mpaka njiani."

Walimfunga pingu, wakamtoa.

Binti alibaki ameganda palepale. Inspekta alimgusa bega.

"Usiogope tena. Wewe huna kosa."

Binti aliutazama mto. Kichwa cha Gogo kilikuwa kimeacha shimo katikati.

"Saa tatu nilimwona nzi puani kwake," alisema. "Gogo alikuwa hastahimili nzi. Nikajua hayuko sawa. Niliogopa bosi angenifukuza, nikanyamaza."

Akamtazama inspekta.

"Afande, wakati ule alikuwa bado anapumua."