Tema, Mwanangu

Nieleweke: mimi si mtu wa kuamini uchawi. Chuoni nimesimama mbele ya ukumbi mzima nikaubomoa hoja kwa hoja, mpaka wapinzani wakakosa pa kushika.

Jioni ile nilimpelekea Shangazi miwani aliyoisahau nyumbani. Shangazi ni mwonjaji kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha majani ya chai. Ulimi wake ndio ulionisomesha. Nilimkuta peke yake, vikombe vyeupe vimejipanga mezani, chai ya rangi yenye ladha ya pasheni inafuka mvuke. Anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kishindo, fyuuup!, anatema ndooni. Hamezi kamwe.

Kikombe cha mwisho hakukionja. Alikifunika kwa kisahani.

"Hicho cha nani?"

"Cha Mwalimu, aliyenifundisha kazi. Alifia kwenye kiti kile."

"Marehemu anakunywa chai? Shangazi, mtu mzima na akili zako!"

"Haya, Wakili kaanza." Alicheka. "Usikiguse tu." Akaenda kufunga stoo.

Nilipandwa na hasira. Mpaka lini tutaogopa kisahani? Nikakifunua. Nikanywa.

Nikameza.

Pasheni kidogo... halafu basi. Maji matupu. Kama vile kuna mtu alishaifyonza ladha yote kabla yangu.

Nyuma yangu, kwenye kile kiti kisicho na mtu...

Fyuuup.

Shangazi alirudi. Akatazama kikombe, akatazama dirisha. Mwanga ulikuwa unaisha.

"Kama ni wewe, tema," alinong'ona. "Hata mate tu. Sasa hivi, kabla giza halijaingia. Sitakugombeza, mwanangu."

Ndoo ilikuwa pale pale, miguuni pangu.

"Nimekikuta hivyo hivyo."

Ningekubali vipi kushindwa na kisahani? Naye hakubisha. Aliniamini! Akaketi, akachota kikombe kingine, akafyonza. Akafyonza tena.

"Mbona... mbona maji haya?"

Leo asubuhi ametia chumvi kwenye chai akidhani sukari, akanywa yote na kuisifu. Kiwandani hawajui bado. Na mimi? Nikigusa jani moja tu la ile chai kwa ulimi, napata pasheni zilizochumwa mbichi, moshi wa kuni zilizozikausha, jasho la kiganja kilichozichambua. Hayo yote ni ya Shangazi. Nimeyameza.

Jioni hii amenisogezea kikombe, macho yamemvimba kwa kulia.

"Nionjee, mwanangu. Wewe hunidanganyi."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Mimi, msemaji wa chuo kizima.

Kilichotoka ni fyuuup... ndefu, ya mtu aliyeizoea kazi.

Shangazi akasimama taratibu. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomoni, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilitaka kupiga kelele. Nikausikia mdomo wangu ukiitika:

"Marahaba."