Chapa ya Risasi ya Moto

Risasi alizoleta shemeji zilikuwa baridi zote isipokuwa moja. Fundi aliigeuza kiganjani, akajiambia ni jua tu limeipiga, ingawa dirisha la karakana lilikuwa limefungwa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza rivolva za zamani, zile bastola za silinda, na kueleza risasi zake zimetoka wapi. Alikuwa akisafisha kitako cha shaba, akisoma alama ya kiwanda na mwaka, kisha akimwambia mwenye mali zilikotoka. Hizi zilisomeka bila shida, zote za kiwanda kimoja cha ng'ambo. Ile ya moto kitako chake kilikuwa kitupu, laini kama ukucha.

Tangu hapo nyumba ikanuka baruti. Ilinuka jikoni, ikanuka kwenye nguo zilizotoka kufuliwa, halafu ikahamia kwenye pumzi ya binti yake, aliyeshikwa na homa isiyosikia dawa. Fundi akamshuku shemeji. Mtu asiyeleta hata sukari akija kusalimia, leo mkono umemfunguka kwa lipi? Mkewe alichukia kusikia kaka yake akitajwa. Alimjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye kufuga vyombo vya kuulia watu ajiulize mwenyewe kwanza. Wakawa hawapeani hata chumvi mezani.

Mchana mmoja, binti akiwa usingizini, kifuani mwake ikasikika sauti ya silinda ya rivolva ikizungushwa, taratibu, tundu baada ya tundu, ikasita, ikazunguka tena, na mama mtu, aliyekuwa amemwekea kitambaa cha maji kwenye paji, akatoka mbio bila viatu kumwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mwenye haraka zake. Hata kiti alikikataa. Alimnusa mtoto utosini, akaiomba risasi. Mtoto ameingiwa na jini, alieleza, na jini hafukuzwi kama kuku. Hurudishwa kwao, na kwao sharti kutajwe. Ukikosea, anaondoka na mtoto.

"Si ndiyo kazi yako, fundi?" alinong'ona. "Soma."

"Haina chapa, mama."

"Soma."

Fundi akashika lenzi, akaona shaba ikiinuka vijimistari kana kwamba kuna ukucha unaisukuma kutoka ndani, ukachoreka mduara, na ndani ya mduara nyota, na nyota hiyo ncha yake moja ilikuwa imevunjika, naye aliijua, kwa maana aliivunja mwenyewe alipoangusha chuma anachogongea alama yake kwenye kila silaha inayotoka mikononi mwake.

Mkewe alimtazama usoni, akaogopa. "Taja, baba. Hata kama ni kwa kaka yangu."

"Ni hapa," alisema fundi.

Mganga akafunga mkoba wake. Huyu hana pa kupelekwa, alisema, maana yuko kwao. Mchukueni mtoto muondoke.

Fundi akainama kumnyanyua binti yake. Mtoto akafumbua macho, homa imemtoka kabisa, akamkwepa na kumshika mama yake mkono.

"Mama," aliuliza kwa upole, pumzi yake bado ikinuka baruti, akimtazama babake, "huyu mgeni anaondoka lini?"