Sele Alifia Wapi?

Mwanarusi alikuwa anageuza mandazi mlangoni pake, mtaa wa Majengo, Thika. Simu ikalia. Alikuwa binti yake Leila, aliyeolewa Ruiru.

"Mama, kuna mtu amemwaga mawe kwa ploti ya baba."

"Mawe ya nini?"

"Ya kujenga. Anasema ameuziwa."

"Ameuziwa na nani?"

"Anasema ameuziwa na baba. Mwezi uliopita."

Mandazi yakaungua. Sele, mume wa Mwanarusi, alikuwa amekufa tangu mwaka uliopita, kabla ya Ramadhani.

"Ametoka kaburini, akaenda kusaini, akarudi kulala?" Mwanarusi alifoka. "Haki ya Mungu, watu wa siku hizi hawana haya hata kidogo!"

Ploti hiyo ya Ruiru ndiyo mali pekee aliyoiacha Sele. Aliinunua kwa mshahara wa kiwandani, miaka mingi ya kujinyima. Mwanarusi alitaka kujenga vyumba vya kupangisha hapo, apumzike na moshi wa mafuta. Ikipotea hiyo, hana kingine.

Alikwenda kwa chifu. Chifu akamwambia, "Mama, kwanza lete cheti cha kifo."

Cheti hakuwa nacho. Hakuwahi kukitafuta. Basi akaenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, hapo hapo Thika. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

"Marehemu alifia wapi?" karani aliuliza.

"Hapa Thika. Nyumbani kwake, Majengo."

Karani alitafuta. Hakuna. Akamwambia arudi kesho. Kesho mtandao ukawa umelala. Kesho kutwa ukaamka, karani akatafuta tena. Hakuna.

"Mama, kifo kama hicho hatuna kwa rekodi zetu."

"Hamna? Kwani mimi nilizika gogo?"

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema hakijaandikwa hapa."

Akatoka hapo na hasira zake, akaenda ofisi ya ardhi. Alikuwa amebeba nakala ya hati ya ploti. Hati ilikuwa na muhuri wa Thika. Huko nako akaambiwa, "Faili za upande huo zilihamishiwa Ruiru."

"Muhuri ni wenu, faili si zenu?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Nje, kijana mmoja mwenye miwani ya jua alimfuata. "Mathe, unahangaika bure. Nipatie kitu kidogo, nikutengenezee hicho cheti leo leo."

Mwanarusi alisimama. Miguu ilikuwa imevimba. Alikaribia kabisa kukubali. Lakini akakumbuka kwamba ni karatasi za kutengenezwa zilizomleta hapo. Akamsonya na kwenda zake.

Jioni Naliaka alikuja kununua mandazi. Naliaka ni jirani, mtu wa Bungoma, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuwa karani wa masjala ya mahakama mpaka akastaafu. Alipoona uso wa jirani yake, akavuta kigoda.

"Mama Leila, nani amekufa?"

"Sele!"

"Sele si alikufa kitambo?"

"Kwa serikali bado! Kwa serikali Sele anatembea, anauza ploti, mimi ndiye mwendawazimu!"

Akamweleza yote. Naliaka alisikiliza huku akitafuna. Kisha akajifuta vidole.

"Ngoja nikuambie kitu nilichowaambia watu miaka yote nikiwa kwa dirisha la mahakama, na hawasikii. Karatasi ya serikali haikai mahali mwenyewe anapoishi. Inakaa pale jambo lilipotokea. Kesi inakaa kwa mahakama ilikofunguliwa. Shamba linakaa kwa ofisi inayosimamia eneo la hilo shamba. Kifo kinaandikwa mahali mtu alipofia. Si alikozaliwa, si alikozikwa. Ukiuliza mahali si pake, utaambiwa hakuna, na huyo anayekuambia hakuna hasemi uongo."

"Mimi nimeuliza mahali pake."

"Kwani Sele alifia wapi?"

Mwanarusi alianza kupanga mandazi upya. Yalikuwa yamepangwa vizuri tu.

"Mama Leila. Nimekuuliza."

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Siku ile mimi nilikuwa hapa hapa. Niliona gari likileta mwili. Katika nyumba hii hakufa mtu."

Moyoni Mwanarusi alijua. Sele alikuwa amekwenda Ruiru kumjulia hali Leila. Mvua ikanyesha, akalala huko. Alfajiri kifua kikambana, akakata roho kwenye kitanda cha mkwe wake Junaid. Kwa desturi ya mama yake Mwanarusi, na ya bibi yake pia, ni mwiko mzazi kulala kwa mkwe. Sasa kufa je? Aliona aibu. Alasiri Sele alikuwa ameshazikwa Thika, na kila aliyeuliza aliambiwa amefia nyumbani. Mwanarusi alilisema neno hilo mpaka likakaa.

"Alifia kwa Leila," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kwa kitanda cha mkwe."

Naliaka alipiga paja. "Ngai! Umezunguka jua lote hili kwa sababu ya kitanda?"

"Usinicheke."

"Nitakucheka, na kesho tutaenda Ruiru. Lakini niambie, kabla ya kuzika, nani alikwenda kwa naibu wa chifu? Hata mkizika siku hiyo hiyo, na nyinyi Waislamu mnazika haraka, lazima mtu mmoja akimbie kuripoti kifo na kuchukua kibali cha mazishi."

"Sijui. Nilikuwa nalia."

"Tukikosa kabisa, kuna njia ya kusajili kifo kilichochelewa kuripotiwa. Ni ndefu, ina barua za chifu na maelezo mengi, lakini ipo. Usife moyo."

Asubuhi walifika kwa Leila, Ruiru. Junaid alikuwa nyumbani. Alitandika mkeka mwenyewe na kuleta chai. Tangu mazishi, Mwanarusi hakuwa amezungumza naye ana kwa ana. Kila neno lilipitia kwa Leila.

"Leila," alisema, macho yakiwa ukutani, "muulize mume wako, siku ile nani alikwenda kwa naibu wa chifu?"

Junaid alikuwa ameketi karibu kiasi cha kumgusa.

"Mwambie mama ni mimi," alijibu kwa upole. "Sheikh alipoanza kumwosha mzee, mimi nilikwenda kuripoti hapa hapa Ruiru. Nikapewa kibali, nikawapa watu wa makaburini. Naibu wa chifu aliandika kila kitu. Nilidhani mnajua."

"Muulize kwa nini hakusema."

"Mwambie hakuna aliyeniuliza."

Naliaka alishika kichwa. "Woi! Mwaka mzima! Kitu kiko kwa kijana, na wewe unatafuta Thika!"

Wakaenda wote ofisi ya usajili ya upande wa Ruiru, na kitambulisho cha Sele mkononi. Foleni ilikuwa ile ile, foleni haina mji. Walipofika dirishani, karani akauliza swali lile lile.

"Marehemu alifia wapi?"

Mwanarusi aligeuka akatazama watu nyuma yake.

"Alifia Ruiru. Kwa mkwe wangu. Kitandani kwake."

"Mama, kitanda hatuandiki," karani alisema. Akatafuta. "Huyu hapa. Aliripotiwa siku hiyo hiyo."

Mwanarusi alishika ukingo wa dirisha. Alitaka kucheka, akalia. Waliomba cheti, wakalipa ada kwa simu, wakapewa risiti. Hakuna aliyeomba kitu kidogo.

Cheti kilipotoka, Naliaka hakumpa nafasi ya kupumua. "Sasa ofisi ya ardhi, tufanye sachi. Tuone ploti iko kwa jina la nani."

Majibu ya sachi yalionyesha jina la Sele. Mwanarusi akaweka zuio, ili mtu yeyote asiweze kuihamisha. Kisha wakapita masjala ya mahakama kuuliza kama kuna mtu ameshafungua kesi ya mirathi ya Sele kwa siri. Hakuna. Basi Mwanarusi akaifungua yeye, kwa Kadhi.

"Hii ungefanya mapema," Naliaka alimwambia. "Jina la marehemu likibaki kwa hati, mwizi analivaa."

Mwenye mawe aliitwa kwa chifu. Jina lake Jeconia, fundi wa magari. Alikuja na makaratasi yake na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana.

"Mimi nilifanya sachi!" alisema. "Jina lilikuwa Sele. Na mtu aliyeniuzia alikuwa na kitambulisho chenye jina la Sele. Alikuwa mbele yangu, anapumua!"

Mwanarusi alisukuma cheti mezani. Jeconia alikisoma. Akakisoma tena. Akaketi polepole.

"Nimeibiwa," alisema.

Mwanarusi alikuwa amekuja na matusi tayari. Yakamwishia. "Nenda polisi, mwanangu. Nitakuja kutoa ushahidi. Na mawe yako uyabebe."

Mawe yaliondolewa wiki hiyo. Kadhi alipomaliza mirathi, Leila akamwachia mama yake fungu lake, na hati mpya ikaandikwa jina la Mwanarusi. Junaid ndiye aliyesimamia msingi wa vyumba.

Siku ya kumwaga zege mvua ilishuka ghafla, kubwa. Wote walikimbilia kwa Leila. Giza likaingia. Leila alimtazama mama yake, akaogopa kumwambia alale.

Mwanarusi alivua viatu vyake vya matope. Akamgeukia mkwe wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Junaid, nitandikie kile kitanda. Leo nalala hapa."

"Karibu, mama."

"Na nikifia humo," alisema, "usimwachie mtu mwingine. Nenda kwa naibu wa chifu wewe mwenyewe, na useme alifia kwako."