Imla Ambayo Chiriku Hakuisikia

Kila asubuhi, kabla mama hajawasha jiko, Chiriku alikaa kitandani na kuchomoa pamba masikioni. Aliinusa, akakunja uso, akaifunga kwenye kipande cha karatasi na kuisukuma chini ya godoro. Kisha alisokota pamba nyingine, akaitia ndani kabisa isionekane, akavaa sare na kwenda kunywa chai kama watu wengine.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa sababu alipokuwa mdogo mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi, shuleni, alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Masikio yalianza kumuuma baada ya mafua makali, yakatoa usaha. Shangazi yake akayatia mafuta ya vuguvugu, maumivu yakapungua, na kila mtu akasahau. Lakini usaha haukukoma. Siku moja darasani mtu akasema, "Jamani, humu kuna panya amekufa!" Wenzake wakaziba pua na kucheka. Chiriku naye alicheka, huku akitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo, kila mama alipomuuliza, "Masikio vipi, mwanangu?" alijibu, "Yamepona, mama."

Nyumbani hakuna aliyeshtuka. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na karakana yake iliungana na nyumba. Nyundo, jenereta na mashine ya kukatia vyuma zilipiga kelele kutwa. Familia nzima ilizungumza kwa kupaza sauti, hata mtu akiomba chumvi tu. Jirani mmoja mgeni aliwahi kuja kuwaamulia ugomvi, akawakuta wanasalimiana.

Balaa lilikuwa shuleni, kwenye somo la Kiingereza. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole. Wakati wa imla alitembea polepole kati ya madawati, kitabu kimemfunika mdomo, akisoma sentensi mojamoja ili wanafunzi waandike. Katika masomo mengine neno likimpotea Chiriku aliweza kulibahatisha, maana Kiswahili alikijua. Kwa Kiingereza hakuwa na pa kushika. Wenzake waliposikia "ship" na "sheep", wakajua hii ni meli na huyu ni kondoo, yeye alisikia mvumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Basi akawa ananakili kwa Rula. Rula ndiye mvulana aliyekaa naye dawati moja, mrefu na mnyoofu kama jina lake la utani. Macho ya Chiriku yalizoea kuteleza pembeni bila shingo kugeuka.

"Unaniibia majibu," Rula alimwambia siku moja.

"Nani, mimi? Acha maneno yako!"

Rula hakubishana. Alipanga lake.

Wiki hiyo mwalimu alitangaza kwamba atakayeshindwa imla atakwenda kusoma Kiingereza na darasa la tano. Chiriku alisikia maneno hayo kwa shida, lakini "darasa la tano" aliyaona waziwazi midomoni mwa mwalimu. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa hilo. Usiku na mchana akawaza atakavyokaa naye benchi moja, vitoto vikimcheka.

Siku ya imla, Rula aliandika haraka kuliko kawaida. Chiriku akafuata, herufi kwa herufi. Madaftari yalipokusanywa, mwalimu alisoma la Chiriku, akasimama ghafla, akalisoma tena kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku aliona vinywa vilivyofunguka, naye akacheka pamoja nao.

Mwalimu akamsogelea. "Unacheka? Nimesoma sentensi ya mkulima anayeuza kondoo sokoni. Wewe umeandika kwamba mjomba wako ni mbuzi na anavaa suruali. Umeitoa wapi?"

Kumbe Rula alikuwa ameandika upuuzi ule makusudi, kisha akaufuta na kuandika sentensi ya kweli.

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu," Chiriku alisema. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Kesho njoo na mzazi."

Alirudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Aliingia karakanani, akasimama karibu na baba yake aliyekuwa akichomelea geti. Baba akainua kinyago chake cha kukinga macho, akasema kitu. Chiriku alimtazama tu. Baba akasema tena, mishipa ya shingo imemsimama, na bado sauti ilimfikia kwa mbali, kama inatoka ng'ambo ya mto. Hofu ikamshika. Hata sauti ya baba sasa ilikuwa inampotea. Alikimbilia nyuma ya nyumba, akakaa kwenye rundo la vyuma chakavu, akalia mpaka kwikwi zikamkaba. Angemwambia nani? Akisema ukweli, atakuwa kiziwi mbele ya watu wote, na mwizi wa majibu pia. Akinyamaza, kesho itafika vilevile.

Mdogo wake, aliyesikia shuleni kwamba sentensi ya mbuzi ilitoka kwa Rula, ndiye aliyepeleka habari kwa mama.

Asubuhi mama, aliyekuwa na hasira kama siafu, alimshika mkono hadi ofisini kwa mwalimu. Rula naye alikuwa ameitwa, maana ndiye aliyekaa naye dawati moja.

"Mwanangu si mwizi!" mama alifoka. "Huyu kijana ndiye aliyempa daftari ili amwaibishe!"

Mwalimu alimgeukia Chiriku, akasema polepole, "Nijibu kweli. Rula alikupa daftari lake unakili?"

Swali hilo alilisoma midomoni. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Angesema tu, na mzigo ungehamia kwa mwingine. Akamtazama Rula. Mvulana yule aliyejifanya mjanja alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kikitetemeka.

"Hapana," Chiriku alisema. "Hakunipa. Mimi huwa nanakili kwake kila siku. Sisikii, mwalimu. Masikio yangu yananuka na sisikii. Nimemdanganya mama."

Mwalimu alisimama, akazunguka nyuma ya kiti cha Chiriku, akamwita kwa jina mara kadhaa. Chiriku hakugeuka. Alikuwa akimtazama mama yake tu, akashangaa kuona machozi yakimtiririka mama aliyekuja kupigana.

"Kila siku nilimuuliza," mama alinong'ona, "na wala sikuinama kuangalia."

Siku hiyohiyo walikwenda zahanati. Daktari alichomoa pamba, akasafisha masikio, akachungulia kwa taa ndogo. Ngoma za masikio yote mawili zilikuwa zimetoboka. Alimpa dawa, akamwambia mama, "Mafuta sikioni sasa basi. Maji pia yasiingie. Na pamba asizibie, uchafu unabaki ndani. Mngechelewa, ugonjwa ungeweza kufika kwenye ubongo."

Matibabu yalichukua muda, na walirudi zahanati mara nyingi. Sikio la kulia lilipona vizuri. La kushoto lilibaki zito, na daktari hakuwaficha kwamba huenda likabaki hivyo. Mwalimu alimhamishia Chiriku dawati la mbele, akaacha kutembea akisoma, akashusha kitabu ili mdomo wake uonekane. Rula aliomba radhi mwenyewe, bila kutumwa, na mchana wakawa wanasomeana maneno kwa zamu. Matamshi ya Rula yalikuwa mabaya kuliko alivyodhani, na Chiriku hakumhurumia.

Imla iliporudiwa, Chiriku alikosea maneno kadhaa, lakini makosa yote yalikuwa yake. Alibaki darasa la sita.

Mwalimu alipomrudishia daftari alimwambia mbele ya wenzake, "Kutosikia si kosa, na wala si ujinga. Kosa ni kunakili na kudanganya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiumwa, sema. Usipoelewa, sema. Hakuna mwalimu wala mzazi awezaye kutibu asichoambiwa." Akawageukia wanafunzi wote. "Na ninyi mlioziba pua mkacheka: mngemuuliza mwenzenu anaumwa nini, angepona mapema zaidi."

Hakuna aliyecheka.